Tawi la Moshi haliipati seva ya mafaili iliyopo Arusha, ilhali ofisini inapatikana

Mtunza_Seva_Njiro:
Wakuu, salaam. Ofisi yetu ipo Njiro, Arusha, na tawi lipo Moshi mjini. Mafaili yote yamo kwenye seva moja ya FreeBSD (mfumo endeshi) inayoyagawa kwa Samba, programu ya kushirikisha mafaili na kompyuta za Windows. Seva hiyo ina kadi mbili za mtandao: em0 yenye anwani 192.168.10.5, inayotumiwa na wafanyakazi, na em1 yenye anwani 192.168.20.5, iliyoongezwa tulipoleta laini ya pili ya intaneti ili nakala za akiba zitoke usiku bila kuwabana watu. Kompyuta za Moshi zimo kwenye 192.168.30.0/24 (yaani anwani zinazoanza na 192.168.30), nazo hufika kwetu kupitia handaki la WireGuard, yaani njia ya siri ya VPN ndani ya intaneti, linaloishia kwenye ruta 192.168.10.1. Fundi aliyefunga laini mpya aliiondoa pia ruta ya zamani na kuweka mpya mahali pake.

Tangu siku hiyo Moshi hawaifikii seva kabisa, ingawa wakipingi (kutuma ombi dogo la kupima kama kifaa kinajibu) ruta ya 192.168.10.1 wanajibiwa, na hata printa yetu ya 192.168.10.40 inawajibu. Nimeianzisha Samba upya na kuizima kwa muda fayawoli ya seva, bila mafanikio. Amri ya netstat -rn, inayoorodhesha njia ambazo seva hupelekea data, inaonyesha hivi:

default 192.168.20.1 UGS em1
192.168.10.0/24 link#1 U em0
192.168.20.0/24 link#2 U em1

Kijana_wa_Sakina:
Mkuu, fungua smb4.conf, faili la mipangilio ya Samba, uangalie mstari wa hosts allow unaotaja mitandao inayoruhusiwa. Mara nyingi mtandao wa tawi huwa haujaandikwa humo, na Samba huwakataa watu wake bila maelezo yoyote ya maana.

FundiMitandao_Moshi:
Ndugu wa Sakina, ushauri huo ungefaa kama pingi ingekuwa inajibiwa na mafaili pekee ndiyo yanakataa. Pingi haipiti kwenye Samba, kwa hiyo seva isiyojibu hata pingi ina tatizo lililo chini zaidi.

Jibu limo kwenye jedwali ulilotuwekea, mkuu. Hakuna mstari unaotaja 192.168.30.0. Keneli (kiini cha mfumo endeshi) inapotafuta njia ya kupeleka pakiti (kipande cha data) hutazama anwani ya inakokwenda, wala haikumbuki kwamba ombi liliingilia kadi gani. Ombi la Moshi linaingia vizuri kupitia em0, lakini jibu lake, kwa kukosa njia mahususi, linafuata lango la chaguo-msingi (ule mstari wa default, unaotumika pasipo na njia nyingine) na kutokea em1 kuelekea 192.168.20.1. Ruta hiyo haina habari ya handaki lenu. Italirusha kwa mtoa huduma, na huko anwani za 192.168 hazisafirishwi kwenye intaneti ya umma. Printa inajibu kwa sababu, bila shaka, lango lake ni 192.168.10.1.

Kabla ya kubadilisha chochote, thibitisha. Fungua madirisha mawili, moja uendeshe tcpdump -ni em0 icmp na jingine tcpdump -ni em1 icmp (amri inayoonyesha pakiti za pingi zinazopita kwenye kadi), kisha mtu wa Moshi apingi seva. Ukiona ombi kwenye em0 na jibu kwenye em1, kesi imekwisha. Amri ya route -n get 192.168.30.14, tukichukulia hiyo ni mojawapo ya kompyuta za Moshi, nayo itakutajia kadi ambayo seva imeichagua. Tiba ni hii:

route add -net 192.168.30.0/24 192.168.10.1

Ili idumu baada ya seva kuwashwa upya, weka kwenye /etc/rc.conf, faili la mipangilio ambalo seva husoma inapowaka:

static_routes="moshi"
route_moshi="-net 192.168.30.0/24 192.168.10.1"

Mtunza_Seva_Njiro:
Imekuwa kama ulivyosema: ombi em0, jibu em1. Baada ya kuongeza njia, Moshi wanapingi, wanaona folda na kufungua nyaraka ndogo. Hata hivyo, faili kubwa, kama vile PDF zilizoskaniwa, huanza kufunguka kisha hukwama hadi Windows ikate tamaa. Hapa ofisini faili hizohizo zinafunguka mara moja.

FundiMitandao_Moshi:
Hilo ni tatizo la pili, na ninaishuku ile ruta mpya. Pakiti ya kawaida ya Ethernet (mtandao wa kebo wa ofisini) hufika hadi baiti 1500, lakini WireGuard kwa kawaida huruhusu 1420 tu ndani ya handaki, kwa kuwa inahitaji nafasi ya vichwa vyake yenyewe. Pakiti ndogo zinapita, zilizojaa hazipiti. Ruta inapaswa kuitumia seva ujumbe wa ICMP (itifaki ileile inayobeba pingi na taarifa za makosa ya mtandao) wa kuitaka ipunguze ukubwa, na ujumbe huo ukizuiwa popote, seva itaendelea kurusha pakiti zilezile zisizopenya. Watu wengi huzima ICMP yote wakidhani wanajilinda, na gharama yake ndiyo hii.

Jaribu kutoka kwenye seva: ping -D -s 1472 192.168.30.14, halafu rudia kwa -s 1392. Ya kwanza ikikwama na ya pili ikapita, weka kwenye ruta kikomo cha MSS (kiasi cha juu cha data ndani ya pakiti moja) cha 1380 kwa miunganisho ya TCP inayopita kwenye handaki, na uache ujumbe wa ICMP wa aina hiyo upite.

Bi_Mitambo:
Ninakubaliana na yote, ila mpangilio wenyewe ningeugeuza. Nakala za akiba, nadhani, zinakwenda kwenye anwani moja inayojulikana. Basi lango la chaguo-msingi liwe 192.168.10.1, na anwani hiyo moja ndiyo ipewe njia mahususi kupitia 192.168.20.1. Kwa sasa, kila tawi jipya mtakalofungua litapotelea kwenye laini ya pili hadi mtu akumbuke kuliongezea mstari; ukigeuza, matawi yote yatafuata ruta yenye handaki yenyewe.

Tahadhari moja: usiifanye kazi hii kwa ssh (kuingia kwenye seva kupitia mtandao) ukiwa mbali. Amri ya service routing restart hufuta njia zilizopo kabla ya kuweka mpya, na ukikosea tarakimu moja kwenye rc.conf itakubidi usafiri hadi Njiro kwenye kibodi ya seva.