MJADALA: Kanga na kwale wapigwe kiangazi hiki kabla hatujahesabu vifaranga?

Mkulima wa Nwoya
Wadau habarini. Huku kwetu Nwoya, Uganda, nyasi zimeanza kukauka na maneno ya kuwinda yamesharudi kijiweni, vijana wanatafuta waya za breki za baiskeli watengeneze mitego, wengine wanasema kibali cha uwindaji wa kitalii kipanuliwe mpaka kwa ndege. Msimamo wangu nausema wazi: asipigwe kanga wala kwale, iwe kwa kibali iwe kwa mila, mpaka tujue vifaranga wa mwaka huu wamepona wangapi.

Uwindaji wa kitalii ulirudishwa 2001 kwa majaribio kule karibu na mbuga ya Ziwa Mburo baada ya marufuku ya 1979, na mazungumzo mengi tangu hapo ni ya nyati na swala. Hao wakubwa wanahesabiwa, ndege ya sensa inapita juu. Sasa kifaranga wa kanga wa wiki mbili aliyelala chini ya nyasi ndefu, nani atamwona kutoka angani?

Na huyo kifaranga ndiye kila kitu. Mama anataga chini, mayai 6 hadi 12 na wakati mwingine zaidi, analalia siku 26 mpaka 28, watoto wakitoka wiki za kwanza wanataka wadudu, panzi, mchwa, viwavi, mbegu baadaye. Mvua ikipiga mfululizo bado wana manyoya laini, wanalowa na baridi inawamaliza. Wewe unawaona wakubwa wanalia kwenye mti jioni unasema wapo wengi, kumbe watoto hakuna.

Marekani, jimbo la Iowa, wana ndege anaitwa fezanti, jamii moja na hawa wetu. Msimu wao unafunguliwa mwisho wa Oktoba lakini Agosti maofisa wameshaingia barabarani alfajiri, kila njia maili 30, na wanachagua asubuhi ya umande mzito maana mama anawatoa watoto kwenye nyasi zilizolowa anawaleta kando ya barabara wakauke. Hapo wanahesabu mama, jogoo, watoto, matokeo yanatangazwa kabla mtu hajashika bunduki. Halafu wanapiga jogoo tu, ana rangi kali na mkia mrefu, jike ni kahawia. Kanga wetu dume na jike wanafanana, mwenye bunduki hawezi kuchagua. Kwa hiyo sisi hesabu tunaihitaji kuliko hata wao.

Mfugaji Karuma
Ndugu yangu unamkamata asiye mwizi. Bunduki ya kibali inaua kanga wangapi? Anayewamaliza ni moto, mtu anachoma eka na eka apate panya wawili, watatu, na vifaranga waliochelewa kutotolewa wanaungua humo. Na watoto wanaochunga wakikuta kiota hawaachi hata yai moja, wanabeba yote kwenye shati. Anza na hao.

Mama Simsim, Kiryandongo
Mimi naomba mtuhurumie na sisi. Nimepanda njugu, asubuhi nakuta mstari mzima umefukuliwa, nyayo za kanga zimejaa. Sheria ya wanyamapori ya 2019 imeweka fidia ya mazao lakini ni ya tembo na wenzake, kanga hayumo. Mkisema asiguswe, mbegu yangu nani atarudisha?

Mkulima wa Nwoya
Mama, hilo ni kweli na limeniuma hata mimi. Lakini mbegu anazifukua siku chache kabla hazijaota, hapo tuweke watoto wa kufukuza, tupande kwa pamoja kijiji kizima ili asikae shamba la mtu mmoja. Baada ya hapo huyo huyo anakula viwavi. Tangu viwavijeshi vamizi vituingilie 2016 tunapulizia dawa mahindi kila mwaka, dawa inaua na panzi na mchwa, kifaranga anabaki na nini cha kula?

Mfugaji, moto nakubali, LC, baraza la kijiji, wasimamie, asichome mtu peke yake. Lakini ukisema bunduki ni kidogo unasema kidogo ya ngapi? Kama watoto wamepona wengi basi kidogo ni kidogo, kama wamekufa basi hao wakubwa unaopiga ndio wazazi wa mwakani.

Mwalimu wa P7
Naunga mkono hesabu ila nani ataifanya? Maaskari wa mbuga hawatoshi. Asilimia 20 ya kiingilio cha mbuga inarudi kwa jamii jirani, kipande chake kiende huko.

Mkulima wa Nwoya
Mwalimu umesema vizuri, ila hata kabla ya hiyo pesa tunaweza kuanza. Watu wa boda wako kwenye murram, barabara za udongo mwekundu, saa kumi na mbili asubuhi umande bado upo, wanawaona kanga kila siku. Kila mmoja achukue njia yake ile ile asiibadilishe, aandike mama wangapi, watoto wangapi, ukubwa wa ngumi au nusu ya mama, basi. Vifaranga bado wanatembea na wazazi, tuanze wiki hii kabla mtu hajawasha kiberiti. Mama, na wewe andika wanaoingia shambani kwako, wakizidi kweli nitakuwa wa kwanza kusema wapunguzwe. Mfugaji, upande wa Karuma unamjua nani wa boda?