Timu ya chuo iliyopoteza mechi 51 mfululizo: ilikuwaje, na kwa nini waliendelea kucheza?

Kocha_Changanyikeni:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha timu ya vijana huku Changanyikeni, wengi wanachuo, wachache wamemaliza na wanasubiri ajira. Hakuna anayelipwa. Nauli kila mtu anajitafutia, maji tunachangishana. Sasa amejitokeza mfadhili anayetaka kutuingiza kwenye mashindano makubwa ya mchangani, yale ambayo timu zinakodi wachezaji wa ligi kwa posho ya mechi moja. Vijana wanataka sana. Mimi nasita.

Katika kusomasoma nimekutana na University, timu ya Chuo Kikuu cha Melbourne. Ni ule mpira wa Australia: mpira wenye umbo la yai, watu 18 kila upande, uwanja wa kriketi. Waliingia ligi kubwa ya jimbo la Victoria, VFL, mwaka 1908, wote wachezaji wa ridhaa. Msimu wa 1914 walicheza mechi 18 wakafungwa zote. Wa 1913 vilevile. Ukijumlisha na mechi 15 za mwisho za 1912, vipigo 51 bila hata sare. Walikuwa wabovu tu, au kuna kitu kiliwageukia? Na kwa nini hawakujitoa mapema?

Mtu_wa_Keko:
Hiyo ligi haishushi timu daraja? Huku kwetu wangeshashuka zamani.

Refa_Mstaafu_Ilala:
Haikuwa inashusha, mkuu. Timu zilikuwa kumi, unamaliza mkiani na mwakani unaanza upya na walewale.

Kocha, hawakuwa wabovu. Mwaka 1910 walimaliza nafasi ya sita kati ya hizo kumi. Angalia kilichofuata: mwaka 1911 ligi iliruhusu rasmi wachezaji walipwe. Pesa za chini ya meza zilikuwepo tangu zamani, lakini sasa klabu zikalipa mchana kweupe. University wakabaki na msimamo wao wa ridhaa. Kuanzia 1911 hadi 1914 wakashika mkia kila msimu.

Ongeza na masomo. Kijana anaiva kiuchezaji mwaka anaohitimu, anapangiwa kazi mbali, wewe unaanza na mgeni. Mtihani ukigongana na mechi, mtihani unashinda, na ni sawa kabisa ushinde.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa soka hatulioni haraka. Huku timu dhaifu inaweza kupaki basi dakika tisini ikaondoka na sare. Kule haiwezekani. Hakuna kipa, hakuna kuotea. Ukipiga mpira kati ya nguzo mbili ndefu ni pointi 6, ukipita kati ya ndefu na fupi bado ni pointi 1. Mchezo una robo nne kwenye uwanja mpana, na robo ya mwisho pumzi za mwanafunzi aliyekesha na vitabu zinaonekana wazi mbele za watu. Pengo dogo la mazoezi linakuwa pengo kubwa la pointi.

Ukitaka kujua kwamba vipaji vilikuwepo, msome Roy Park. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari, akifunga magoli kwa wingi ndani ya timu inayofungwa kila wiki. Baadaye akawa daktari, na akaichezea Australia mechi moja ya Test, yaani mechi ya kimataifa ya kriketi, dhidi ya Uingereza, akatolewa kwa mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa.

Agosti 1914 vita vikaanza, msimu ukiwa bado unaendelea. Carlton wakachukua ubingwa. University wakamaliza ratiba yao yote, ndipo wakaondoka, na ligi ya 1915 ikaanza na timu tisa. Baadhi ya wachezaji wakahamia klabu ya Melbourne, wengine wakaenda vitani.

Sasa kiini cha jibu langu. Mji uleule ulikuwa na mashindano mengine, yaliyoanzishwa 1892, na mwaka 1912 chama chake kikaingiza neno la ridhaa kwenye jina lake. Mashindano hayo yapo mpaka leo, na timu za chuo kile zinacheza humo mpaka leo. Kwa hiyo ridhaa haikushindwa. Ilishindwa ilipowekwa uwanja mmoja na mishahara.

Winga_Sinza:
Refa nakuheshimu, ila kwa vijana wa Kocha naona tofauti. Mimi nimecheza hayo mashindano ya mchangani. Watu wanajaa mpaka juu ya kuta, na wanaotafuta wachezaji wanakuja. Kijana anayefungwa nne mbele ya umati ule anaonekana kuliko anayeshinda kwenye uwanja mtupu. Roy Park mwenyewe alijulikana akiwa timu ya mkiani. Waache waingie.

Kocha_Changanyikeni:
Nawashukuru wote. Winga, hoja yako inaniumiza kichwa kwa sababu ni ya kweli. Kinachonizuia ni hiki: mfadhili ameshasema ataleta "wa kuongezea nguvu" wanne. Maana yake wanne wangu waliofanya mazoezi mwaka mzima wanakaa benchi.

Refa_Mstaafu_Ilala:
Basi swali lako limehama, Kocha. University walifungwa, lakini waliofungwa ni wao wenyewe. Mwambie mfadhili aingize vijana wako tu, bila wa kukodi, na jezi na nauli atoe yeye. Akikubali, ingia hata kama mtafungwa zote. Akikataa, mtafute mwingine.

Kocha_Changanyikeni:
Nitamwambia hivyo Jumamosi, vijana wakiwepo wasikie jibu lake.