Je, ni halali kupanda sanamu ya barafu kwa kuwa itayeyuka?

BabaRehema (Ottawa)

Wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Kila Februari hapa Ottawa hufanyika tamasha la Winterlude, lililoanza mwaka 1979, ambapo wachongaji huchonga sanamu za barafu hadharani. Jumamosi iliyopita nilimwona mzazi akimkalisha mwanawe juu ya bawa la tai wa barafu ili ampige picha, na alipoombwa amshushe, akajibu kwamba jua litaimaliza sanamu hiyo kabla ya makalio ya mtoto. Tulicheka, lakini je, hoja hiyo ina uzito wowote? Na kama haina, mbona ng'ambo ya mto, kule Gatineau, tamasha hilohilo huwajengea watoto mitelezo ya theluji wapande watakavyo?

FundiPatasi

Ndugu BabaRehema, kazi ya kuchonga barafu naifahamu. Pande la kuchongea kwa kawaida lina urefu wa mita 1 hivi, upana wa nusu mita na unene wa sentimita 25, na uzito wake unazidi kilo 100. Hugandishwa kutoka chini kwenda juu huku pampu ikizungusha maji, ili viputo vya hewa visinaswe ndani na barafu itoke angavu kama kioo. Bawa la tai hubandikwa kwenye kiwiliwili kwa maji tu yanayoachwa yagande, na jua likishapiga, kiungo hicho hulegea kabla jicho halijaona tone. Mtoto akikaa hapo, huenda bawa likaanguka pamoja naye, au juu yake.

Kuhusu kuyeyuka, mchongaji analijua hilo tangu anaposhika msumeno. Manyoya yakipoteza makali polepole, kazi bado ni yake; bawa likivunjwa saa tatu asubuhi, waliopanga kuja jioni wamenyimwa kitu ambacho jua lilikuwa bado halijakichukua. Mitelezo ya Gatineau ni jambo jingine kabisa, kwa sababu ni theluji iliyoshindiliwa kwa nia ya kubeba watu.

MwendaPole (Chicago)

Naheshimu maelezo ya Fundi, lakini tusigeuze kila sanamu kuwa madhabahu. Hapa Chicago, katika uwanja wa Daley, ipo sanamu ya chuma ya Picasso yenye urefu wa zaidi ya mita 15, iliyozinduliwa mwaka 1967, na watoto huteleza kwenye kitako chake chenye mteremko bila mtu kuwafukuza. Anayeweka sanaa njiani bila uzio amekwisha kukubali mikono na miguu ya wapita njia, kwa hiyo lawama kubwa ni ya waandaaji na si ya mzazi yule.

Shangazi wa Watamu

Mwanangu MwendaPole, chuma hicho kinastahimili, lakini ustahimilivu peke yake hautoshi kuwa kipimo. Kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya, iliyofunguliwa Berlin mwaka 2005, ina nguzo 2,711 za zege ambazo mtoto hawezi kuziharibu, na hata msanifu wake, Peter Eisenman, amewahi kusema hadharani kwamba hakerwi na watu wanaocheza humo. Pamoja na hayo, kanuni za mahali hapo zinakataza kuruka kutoka nguzo moja hadi nyingine, na mimi naziunga mkono, maana wenye haki ya kwanza pale ni waliokufa na jamaa zao, na msanifu hawezi kutoa ruhusa kwa niaba yao.

Tena kukosekana kwa uzio si idhini. Huku kwetu magofu ya Gede yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nawe huwezi kuzungushia uzio kila ukuta wa mji mzima. Kijana akipanda ukuta apigwe picha, plasta iliyodumu tangu kabla mji haujahamwa katika karne ya 17 humomonyoka chini ya kiatu chake, na hakuna fundi awezaye kuirudisha ileile.