Naomba ushauri: mama ana grini kadi, ataingiaje Medicare Advantage?

Wakuu habari zenu, hasa mlioko Marekani na wazazi.

Mama yangu ana miaka 68, tunaishi naye Ohio, na ametimiza miaka mitano mfululizo na grini kadi yake. Kuna wakala wa Medicare Advantage, yaani mipango ya kampuni binafsi inayotoa Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee), anampigia simu kila mara, "Mama, bima hii ni dola sifuri, na meno tunalipia!" Mama keshaanza kuyahesabu meno yake.

Nijuavyo mimi, huingii mipango hii ya kampuni binafsi bila kuwa na Sehemu A (ya hospitali) na Sehemu B (ya madaktari) za Medicare ya serikali, na lazima uishi eneo ambalo mpango unahudumia. Kazi ipo kwenye A. Ni bure kwa aliyechangia kodi ya Medicare robo mwaka 40, yaani miaka kumi ya kazi, yeye au mwenzi wake. Mama hajafanya kazi huku, marehemu baba hakuwahi kufika, na michango yangu mimi mwanawe haihesabiki. Kuinunua mwaka 2025 ilikuwa dola 518 kwa mwezi, bado ya B. Hiyo sifuri iko wapi?

Waliopitia hili, mliinunua A au mlimwacha mzazi kwenye bima nyingine? Na akizipata zote katikati ya mwaka, anajiunga hapohapo au anasubiri dirisha la kujiunga la Oktoba 15 hadi Desemba 7?

Halafu anapenda kwenda Tanga akakaa. Nasikia ukizidisha miezi sita nje ya eneo la mpango unaondolewa. Kuna aliyekutwa na hili?