Naomba ushauri: mama anaogopa kupanda treni ya umeme kwa sababu ya radi

Habari zenu wakuu. Mama yangu yuko Dodoma, ana kliniki ya macho Dar mwezi huu, na basi linamuumiza sana mgongo. Nimemwambia tupande SGR, amekataa kabisa. "Mwanangu, chuma kirefu vile, juu nyaya za umeme, radi iache kupiga hapo ikapige wapi?" Tangu radi iue ng'ombe wawili wa jirani chini ya mbuyu, wingu likitanda tu anazima redio na kufunika kioo kwa kanga.

Ninavyoelewa, radi ikipiga behewa, umeme wake hupita kwenye bodi ya chuma kwa nje, ukashuka kwenye magurudumu hadi relini na ardhini. Aliyekaa ndani haumpati. Nyaya za juu zina volti 25,000 na vifaa vya kukinga radi, zikizidiwa, umeme hujikata na treni husimama. Kinachonisumbua ni ajali ya Wenzhou, China, Julai 2011: radi iliharibu mitambo ya ishara, treni ikaigonga nyingine kwa nyuma, watu 40 wakafa. Hiyo sijamwambia.

Mliowahi kukutwa na mvua ya radi mkiwa safarini, ndani hali ilikuwaje? Treni ikisimama porini, ni sawa nimzuie asishuke mpaka radi zipite? Na mama mwenye hofu hivi, mngemwambia maneno gani? Nataka kukata tiketi Ijumaa.