Kukodi boti ya mapumziko kwenye mifereji: Uingereza au Ufaransa, kwa watu ambao hawajawahi kushika usukani?

Mama_Nadia:

Wakuu, habari za jioni. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijatoa hela.

Mume wangu kaangalia video za watu wanaokodi boti yenye vitanda, jiko na choo, wanatembea taratibu kwenye mifereji ya Ulaya wiki nzima na kulala humohumo. Tangu siku hiyo halali. Tumekubaliana twende mwakani: sisi wawili, binti wa miaka 14, na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua lakini mdomo haujawahi kumsumbua.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuendesha mtumbwi. Naombeni majibu ya haya:

1. Ni kweli unakabidhiwa boti bila leseni?
2. Uingereza au Ufaransa? Mume wangu ana ratiba ya siku saba inayokatiza karibu nusu ya Uingereza. Mimi nikiitazama naona kama adhabu.
3. Zaidi ya kutazama nyasi pembeni, kuna nini huko? Mandhari nitaiona kwenye picha. Nataka vituko vya wenyeji.

Kamba_Mbili:

Kodini gari. Boti hizo mtu anayewahi basi anaipita kwa miguu. Siku ya pili nilikuwa nimeshajua majina ya bata wote.

Baharia_wa_Majitamu:

Mama Nadia, usimsikilize huyo, ingawa kwenye mwendo hajadanganya. Kikomo kwenye mifereji mingi ya Uingereza ni maili 4 kwa saa, na wewe utakwenda 3 au pungufu, kwa sababu kila ukikuta boti zimefungwa pembeni unatakiwa upunguze moto mpaka injini isikike kwa mbali. Ukipita kwa kasi, boti yako inayavuta maji, na maji yanazivuta zile boti zilizofungwa mpaka vigingi vyao vinalegea ardhini. Mwenye boti atatoka na kikombe cha chai mkononi, atakutazama tu. Waingereza wana namna yao ya kukutukana bila kufungua kinywa.

Leseni: Uingereza huhitaji kwa boti ya kukodi. Wanakuonyesha jinsi ya kuendesha, wanakupitisha kwenye mambo ya usalama, mnakwenda pamoja kipande kifupi, kisha mwalimu anashuka na kukupungia mkono. Ufaransa kampuni inakuandikia kadi ya muda baada ya mafunzo ya namna hiyohiyo. Msiondoke gatini mpaka kila mmoja wenu, pamoja na binti, awe ameshika usukani mbele ya mwalimu. Hapo ndipo watu wanapoona haya kuuliza, halafu wanakuja kuulizana wenyewe katikati ya mfereji boti ikiwa imekaa upande.

Sasa ratiba ya mumeo. Mwambie achukue ramani ya njia anayoitaka, ahesabu maili, ajumlishe idadi ya malango ya maji, kisha agawanye kwa 3. Anachopata ndizo saa za kuwa njiani. Maili 15 zenye malango 15 ni saa 10, na hapo hamjajaza tanki la maji wala hamjanywa chai. Watu wengi wanatazama maili peke yake. Malango ndiyo yanayopanga siku yako. Kuna pale Caen Hill, karibu na mji wa Devizes: malango 29 ndani ya kama maili 2, na 16 kati ya hayo yamepangwa mfululizo yakipanda kilima. Hiyo inakula sehemu kubwa ya siku nzima na mabega ya familia nzima. Ni kitu cha kwenda kukitazama kwa miguu, ukiwa umeshika aiskrimu, huku wengine wakihangaika.

Kwa asiyejua: lango la maji ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mbele na nyuma, kinachopandisha au kushusha boti pale ardhi inapobadilika kimo. Uingereza mara nyingi unafanya mwenyewe. Unapewa hendeli ya chuma, unaichomeka kwenye gia iliyo juu ya lango, unazungusha, vizibo vya chini vinafunguka na maji yanaanza kuhama. Halafu unangoja. Mlango wenyewe unafunguliwa kwa boriti ndefu iliyotokeza kando: unaupa mgongo, unaegemeza makalio, unasukuma kwa miguu. Kama maji ya pande mbili hayajalingana hata kidogo, hausogei, wala usijitese. Yakishalingana, utausikia unaachia, na hata binti yako atausogeza peke yake.

La usalama ni moja ambalo sitalipitia haraka. Mkiwa mnashuka, nyuma ya boti kuna kizingiti cha zege au jiwe kilichofichwa na maji. Kuna alama nyeupe ukutani inayoonyesha kinapoishia. Tezi ya boti, yaani sehemu yake ya nyuma, ikae mbele ya alama hiyo muda wote. Ikikaa juu ya kizingiti, maji yanashuka na omo, yaani sehemu ya mbele, inashuka nayo, lakini tezi inabaki imening'inia, na boti inaweza kuzama. Kwa hiyo mtu wa hendeli haondoki kwenye vizibo mpaka mshuke wote, na anayeendesha hatazami simu. Mkiona boti inainama vibaya, funga vizibo vya kutolea maji papo hapo, maswali baadaye.

Kuendesha kwenyewe: boti nyembamba za Uingereza zina upana wa kama mita 2, na ndefu zake zinafika mita 21. Unasimama nyuma, nje, mvua ikinyesha ni yako, umeshika kana, yaani mpini wa usukani. Ukiisukuma kulia, boti inakwenda kushoto. Na haigeuki kama gari, inazunguka kwenye kiuno chake, kwa hiyo ukiikwepesha omo isigonge ukingo, tezi inakwenda kugonga upande wa pili. Ukirudi nyuma, kana haikusaidii chochote cha maana. Mnapokutana na boti nyingine kila mtu anashika kulia, jambo ambalo Waingereza wenyewe linawasumbua kwa sababu barabarani wanashika kushoto. Utawaona wanababaika, nawe utafurahi.

Njia ambayo ningewapa ninyi ni Mfereji wa Llangollen, na si wote. Kodini upande wa Ellesmere. Kutoka hapo mpaka Llangollen, ndani ya Wales, malango ni mawili tu, ya New Marton. Baada ya hapo mnafika Chirk: daraja la maji, yaani daraja linalobeba mfereji wenyewe, la mwaka 1801 linalokatiza bonde kwenye mpaka wa Uingereza na Wales, reli ikipita kando yenu kwa juu zaidi, na mara tu mkimaliza mnaingia kwenye handaki. Handaki lile ni la boti moja kwa wakati. Chungulia kwanza. Ukiona taa inakuja, subiri.

Halafu Pontcysyllte. Ni karai refu la chuma lililokaa juu ya nguzo za mawe, mita 307 kwa urefu, mita 38 juu ya mto Dee. Lilifunguliwa mwaka 1805, kazi ya Thomas Telford na William Jessop, na tangu 2009 limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kituko chake ni hiki: upande mmoja kuna njia ya miguu yenye vyuma vya kushikia. Upande wa pili hakuna kitu. Ukingo wa karai unaishia kidogo tu juu ya maji, na kutoka pale unaposimama kuendesha huuoni kabisa. Unaona hewa, na chini kabisa vilele vya miti. Mama mkwe akae ndani dirisha la upande wa vyuma. Au la pili, kama mna deni naye.

Ukishapita hapo, sehemu ya mwisho kuelekea Llangollen ina vipande vyembamba ambavyo boti mbili hazipishani. Mtu mmoja anatangulia kwa miguu kuangalia kama njia ni nyeupe. Mpeni binti kazi hiyo, atajiona askari wa barabarani. Tena mfereji huo una mkondo, kwa sababu unapeleka maji kutoka mto Dee, hivyo kwenda ni polepole kuliko kurudi. Mbele ya Llangollen boti za injini haziruhusiwi kuendelea, kina ni kidogo. Huko boti za watalii zinavutwa na farasi mpaka leo, kama mizigo yote ilivyovutwa zamani. Ndiyo maana kando ya kila mfereji kuna ile njia ya miguu. Kwenye madaraja ya zamani angalieni kona za mawe au vyuma: zina mifereji midogo iliyochimbwa na kamba za farasi, miaka nenda rudi.

Mama_Nadia:

Baharia, asante sana mkuu. Mume wangu kakaa na kikokotoo tangu nimsomee hiyo hesabu yako, ratiba yake imetoka saa 13 kwa siku. Kimya kimetawala nyumba.

Na Ufaransa je? Mama mkwe na ngazi hizo nyembamba nina wasiwasi.

Baharia_wa_Majitamu:

Wasiwasi wako una haki. Boti nyembamba ina ngazi kali mbele na nyuma, na ndani watu wawili hawapishani bila mmoja kuingia chumbani. Ufaransa boti ni pana, nyingi zina usukani wa duara kama wa gari, sebule na sehemu ya kukaa juani. Kwa mtu wa magoti, Ufaransa inashinda.

Canal du Midi ndiyo maarufu. Pierre-Paul Riquet, mkusanyaji kodi ya chumvi, aliuanzisha mwaka 1666, ukafunguliwa 1681, miezi michache baada ya yeye kufa. Kilomita 240, Toulouse mpaka wangwa wa Thau karibu na bahari. Malango yake yana umbo la yai, kuta zimepinda ili zihimili msukumo wa udongo. Uzuri huo una gharama: boti kadhaa zinaingizwa humo pamoja, kuta hazijanyooka, na maji yakiingia kwa nguvu boti zinaanza kukumbatiana. Mtu mmoja ashuke mapema apokee kamba, awe na glavu.

Na wana mapumziko ya mchana. Huduma ya malango kwa kawaida inasimama kama saa moja, huna wa kumlalamikia. Fungeni boti, leteni mkate. Ila msifunge kamba kwenye miti. Ile miti ya platani ya kandokando inakufa kwa ugonjwa wa ukungu uliogunduliwa pale mwaka 2006, maelfu imekatwa, na kamba na mikwaruzo ya boti inausambaza. Kuna vipande ambavyo sasa havina kivuli kabisa, Julai na Agosti mtaiva.

Karibu na Puichéric kuna lango la Aiguille. Mtunza lango mmoja alilijaza sanamu za vyuma chakavu na magogo, nyingine zinatikisika, moja inaendesha baiskeli. Hicho ndicho unachokitafuta kwenye swali lako la tatu. Fonserannes, pale Béziers, ni ngazi ya malango inayopanda zaidi ya mita 20, na umati wa watu unasimama juu kuwatazama mkikosea.

Shangazi_Mtoni:

Niongeze, maana wawili hawa wanazungumza kama dunia ina nchi mbili. Kama malango yanawatisha, nendeni Norfolk Broads, mashariki ya Uingereza. Mito na maziwa madogo yanaungana kwa takriban kilomita 200, hukuti lango la kupandisha boti njiani. Zamani watu walidhani ni maziwa ya asili, mpaka miaka ya 1950 Joyce Lambert, mtaalamu wa mimea, alipoonyesha kwamba ni mashimo ya watu wa kale waliochimba udongo wa mboji wa kuchoma kama kuni, maji yakayajaza. Kituko cha huko ni daraja la Potter Heigham: liko chini sana kiasi kwamba boti za kukodi haziruhusiwi kupita bila rubani wa pale, na maji yakiwa juu hata yeye anakataa. Kumbuka huko kuna kupwa na kujaa, kamba zisikazwe kupita kiasi usiku.

Mimi roho yangu iko Friesland, Uholanzi. Boti isiyozidi mita 15 na isiyofika mwendo wa zaidi ya kilomita 20 kwa saa haihitaji leseni. Madaraja yanafunguliwa kwa ajili yako, magari yote yanangoja, nawe unapita polepole na sufuria yako ya uji dirishani. Kwenye baadhi ya madaraja mlinzi anakuletea kiatu cha mbao kilichofungwa kwenye fimbo ya kuvulia samaki. Kinapita usawa wa kifua chako boti ikiwa inatembea, nawe unatumbukiza sarafu za ushuru. Ukikosa, usijaribu kurudi nyuma, watu wa nyuma yako hawatakupenda. Taa za daraja: nyekundu ngoja, nyekundu na kijani pamoja jiandae, kijani pita, nyekundu mbili moja juu ya nyingine maana yake hakuna huduma, fungeni mlale.

Kamba_Mbili:

Hicho kiatu ndicho kitu pekee kilichonishawishi humu.

Mama_Nadia:

Kura imepigwa. Mama mkwe kasikia habari ya kiatu, akasema anakwenda Uholanzi na sarafu atatumbukiza yeye. Llangollen itakuwa ya mimi na mume wangu siku nyingine. Tufungashe nini?

Shangazi_Mtoni:

Viatu visivyoteleza, koti la mvua la kila mtu, tochi, glavu za kamba. Sarafu za kutosha, ingawa siku hizi kuna madaraja yanayolipiwa kwa kadi. Kabla ya kulipia muulizeni mwenye boti: mafuta yamo kwenye bei au la, choo ni cha kunyonywa tanki au cha kumwaga wenyewe, na jaketi la uokozi la mama lipo la saizi yake.

Na mabegi yawe laini ya kukunja. Boti haina pa kuweka sanduku gumu. Mkija na masanduku ya magurudumu, mtalala nayo kitandani wiki nzima.