Kompyuta 180 za ofisini zimeisha muda, tunazitoaje bila kujitafutia balaa?

Mzee_wa_Stoo: Wakuu, kwema? Niko kitengo cha TEHAMA kwenye kampuni moja hapa Dar. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, tumebaki na kompyuta 180 ambazo prosesa zake haziipokei Windows 11. Stoo imejaa. Kuna monita za kichogo za enzi zile, betri za UPS, zile za kushikilia umeme ukikatika, zimeanza kuvimba. Mhasibu anataka tuuze kwa kilo kwa watu wa skrepa, bosi anataka tugawe shuleni. Mimi roho inasita.

Fundi_Drili: Mkuu, anza na diski. Kazini kwangu kwa zamani tulipiga mnada mashine tulizofomati haraka haraka. Mwezi haukuisha, kijana akaja getini na flashi yenye mishahara yetu yote, anauliza kama tunaihitaji! Fomati ile inafuta orodha tu, mafaili yamelala palepale. HDD, yaani diski ya sahani inayozunguka, iachie programu ya kufutia ya nwipe usiku kucha. SSD, ile ya chipu tupu, ifute kwa amri ya mtengenezaji wake. Inayogoma, drili, na kwa SSD toboa chipu zenyewe. Fotokopi kubwa nayo mara nyingi ina diski ndani, msiisahau.

DadaSheria: Tena siku hizi si aibu tu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa za wateja zikivuja, usitegemee kumsingizia aliyenunua. Andika namba ya kila diski, nani kaifuta, lini.

Mzee_wa_Stoo: Na skrepa? Mhasibu kanikaba koo.

Kibarua_Mstaafu: Mtu wa skrepa anatafuta shaba. Nyaya atazichoma, kioo cha kichogo chenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, kitaishia mtaroni. Kanuni za taka za kielektroniki zipo tangu 2021. Waulizeni NEMC, baraza la mazingira la taifa, mkusanyaji mwenye kibali, muwape na hizo betri.

Ticha_wa_Zamu: Jamani, mkituletea, leteni zinazowaka. Sisi tuliletewa 20, zikawaka nane, tatu kati ya hizo zina paswedi ya BIOS, ile ya mwanzo kabisa kabla Windows haijafunguka, asiyoijua mtu. Nyingine tumezigeuza stuli. Wekeni Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, RAM ya GB 4 inatosha, na mausi zake zije. Mbovu bakini nazo.

Mzee_wa_Stoo: Nimewaelewa. Kesho naziwasha moja moja. Mhasibu nampelekea hii ya flashi.

Fundi_Drili: Mwambie na bei: kijana tulimpa elfu hamsini, na hatujui kama alibaki na kopi.